Dakika Tisini

Mlango wa chumba chetu hautupokei wawili mpaka uonje damu ya mke wangu, Saumu. Unapima kingamwili za chanjo yake zitaving'ang'ania virusi vyangu vya UKIMWI kwa dakika ngapi kabla ya kuviachia. Chini ya sitini, nalala sebuleni.

Wiki jana ilitoka arobaini.

“Lakini zinavidaka upesi!” Saumu alilalamika.

“Kudaka si shida, mama,” nilimjibu. “Shida zinaviachia mapema.”

Leo nimerudi kutoka kazini nikaukuta mlango umeandika tisini. Saumu akanivuta ndani akicheka. Nikaishika mikono yake, nikavikagua vidole vyote kumi. Hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Nikakumbuka plasta kwenye kidole cha dada yake, ambaye naye amechanjwa, niliyepishana naye getini.

Nikavibusu vidole vya Saumu. Mlango ukajifunga nyuma yetu.