Kiti Kilichopanda

Siku hizi kila baiskeli hujirekebisha yenyewe kulingana na kimo cha anayeipanda mara nyingi zaidi. Hii ya titani nilimtengenezea mke wangu, Chepkoech, kwa miezi minane, nikachomelea kila kiungo mwenyewe, ili apite lami, changarawe na vijia vya msituni kwa kubadilisha matairi tu.

Jumapili, nilipokuwa nikiifuta matope, niliona kiti kimepanda mno. Hata mimi nisingezifikia pedali.

“Mama Jerop, nani anaiendesha?”

“Wewe nawe, Baba Jerop! Labda ulikosea vipimo.” Alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele.

Sijawahi kukosea vipimo. Nilikishusha kiti taratibu hadi kwenye alama yake. Kikapanda tena, polepole, chini ya kiganja changu.