Nyumba Iko na Baridi

Sikieni, na mwenye jibu aseme: nani anaingia nyumbani bila hodi, anakula kuni zako zote, na hajawahi kukata hata moja? Upepo. Ndiye huyo.

Kule Wamaza, mwaka ambao serikali ya Wabeleji ilihamishia watu kando ya barabara, nyumba zilijengwa mbio mbio. Udongo ukakauka, kuta zikapasuka. Lakini Zéphirin, aliyefiwa na mkewe, hakuwa akiwaza kuta aliposimama mbele ya Sidonie, mjane mfinyanzi, akakohoa mara mbili, akasema:

"Mama Sidonie, nyumba yangu iko na baridi."

Mwanaume mwenye haya hakusema zaidi ya hapo, na kila mwanamke wa kule alijua maana yake: njoo tukae pamoja. Tena haraka ilikuwapo. Jumapili, Emile, fundi cherehani wa Kabambare, alikuwa anakuja kwa kaka yake Sidonie kumposa.

"Baridi?" Sidonie akasema. "Pole, baba. Kesho naleta udongo."

Akauleta kweli, udongo wa kichuguu. Akaukanda na majivu, akaziba kila ufa kwa kidole gumba, polepole, kama anafinyanga chungu. Zéphirin akawa wa kuchota maji, huku akijilaumu moyoni.

"Sasa je?" Sidonie akauliza.

"Bado iko na baridi."

"Na hilo jasho?"

Siku ya pili Sidonie akasuka mkeka wa kuziba chini ya mlango. Ya tatu akajaza nyasi kati ya ukuta na paa, akaacha tundu moja tu la moshi. Kisha akahamisha mafiga.

"Hapa yanapoteza moto," akasema. "Na chungu kikubwa hakikai."

Kuni za siku moja sasa zilitosha siku tatu. Zéphirin hakufurahi hata kidogo.

"Mama Sidonie, baridi haijatoka."

"Wewe mutu, uko na malaria? Kunywa kinini!"

Jumamosi Sidonie akashika kijinga cha moto karibu na kuta, kona kwa kona. Moshi ulipanda wima, haukuyumba. Hata sisimizi asingepata pa kupita. Sidonie akanawa mikono.

Zéphirin akaona Jumapili ni kesho na kazi imekwisha. Haya ikamtoka yote kwa mara moja.

"Sidonie! Niliposema baridi nilikuwa nakutaka wewe! Sikusema habari ya ukuta! Kweli hukuelewa?"

Sidonie akakung'uta udongo kwenye kikwembe alichojifunga. Akazunguka chumba, akapapasa ukuta wa upande wa kitanda, akakuta sehemu ndogo yenye kokoto, akailainisha taratibu. Zéphirin akasubiri, kata ya maji mkononi, mdomo wazi.

"Nilielewa siku ile ile," akasema mwishowe. "Ulitaka nihamie kwenye upepo?"