Mbuzi wa Songoro

Aliyeungwa mshipa wa damu kwa pete alipewa pia mbuzi wa kwenda naye nyumbani. Mbuzi huyo alikuwa amewekewa pete kama yake siku mbili kabla, na lililompata mbuzi, siku ya tatu lilimpata mtu. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: mbuzi akiyumba, mgonjwa akimbizwe hospitali.

Nyamizi alimlea mbuzi wa mumewe, Songoro, kama mwana. Alipokwenda Urambo kumzika shangazi yake, alimwacha mbuzi kwa shemeji yake, Mrisho, aliyekulia machungani, bila kumweleza sheria ile.

Aliporudi, ua mzima ulinukia supu.

"Mbuzi yuko wapi, shemeji?"

"Usijali, nilimuwahi," Mrisho akajibu, akikoroga chungu. "Alianza kuyumba, leo nikamchinja asije akafa kibudu. Nyama yote ile tungewapa mbwa?"

Nyamizi akaitafuta shingo, ilimokuwa pete. Shingo ilikuwa bado kwenye sinia, haijakatwakatwa. Akaupasua mshipa kwa ukucha, pete ikamwangukia kiganjani, vipande viwili.

"Alianza lini kuyumba?"

"Siku ile ile ulipoondoka."

Nyamizi akahesabu: siku ya safari, siku ya maziko, na leo.

Songoro, aliyesikia sauti yake, akatokea mlangoni na bakuli la supu, asijue ni ya mbuzi wake, uso umejaa furaha.

"Karibu, mke wangu. Pole na msiba."

Akapiga hatua moja kuja kumpokea. Ya pili, akashika ukuta.