Turubai la Ijumaa

"Harusi mbili, turubai moja!" Bi Hajra alifoka. "Mama wa bibi harusi amenikwida barazani kwangu, watu wanaona. Kirekebishe hicho kidude chako leo, Salumu, ama sivyo utakaa wewe pale mbele uwajibu."

Salumu akainamia kompyuta. Yeye ndiye aliyetengeneza ukurasa ambao watu wa Bagamoyo hukodia maturubai na masufuria ya Bi Hajra kwa simu: mtu huchagua siku, hujaza majina ya maharusi, basi. Lakini akili yake ilikuwa Mlingotini, kwa Najma. Tangu posa ipelekwe, adabu haikumruhusu hata kumpigia simu, na mitaani zilivuma habari za mchumba mwingine, mwenye malori Msata. Wivu ulimnyima usingizi.

Mara Mzee Msabaha, mshenga wake, akapiga hodi. Ndiyo kwanza anatoka Mlingotini, anachokonoa meno.

"Shikamoo, mzee. Wamesemaje?"

"Marahaba. Bado, mwanangu. Wanataka nirudi Jumapili." Akaketi kwa taabu, kanzu iliyokuwa ikimpwaya mwanzoni mwa posa sasa ilimbana tumboni. "Mambo haya hayataki pupa. Na wewe una nini?"

"Laibrari hii inanitesa, hii programu ya watu niliyoazima nikaitia kwenye ukurasa. Niliichagua kwa wepesi wake. Ukurasa ukitaka kujua kama siku iko wazi, yenyewe ndiyo inayotumwa kwenye seva, kule habari zinakotunzwa, ilete jibu."

"Mshenga, kumbe."

"Tena mshenga mjanja! Ilikwenda mara moja, ikaliweka jibu. Tangu hapo kila ikiulizwa inarudia lile lile la zamani, na kule jibu limeshabadilika."

Mzee akakohoa. "Labda ina sababu zake. Iache mpaka wiki ijayo."

"Bi Hajra atanichinja, mzee."

Salumu akafuta majibu yote yaliyowekwa, akaiamuru laibrari iende kwenye seva kila inapoulizwa. Akafungua ukurasa upya. Ijumaa ijayo, iliyokuwa wazi asubuhi nzima, ikageuka nyekundu: imechukuliwa. Mlingotini. Harusi ya Najma binti Mikidadi.

Huyo wa malori! Akateremsha ukurasa, alione jina la bwana harusi.

Salumu.

Akalisoma tena. Lilikuwa lake, mpaka la babu yake. Alipogeuka, Mzee Msabaha alikuwa ameshafika mlangoni, kandambili mkononi.

"Ningekwambia Jumatatu, mwanangu," alisema. "Jumapili wameniahidi pweza wa nazi."