Wasifu wa Ukutani

Kiuno cha mwalimu mkuu mstaafu kilikuwa kimekufa ganzi kwa sindano, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

"Huyo daktari wenu hajafika tu?" aliuliza.

Muuguzi aliyekaa karibu na kichwa chake, akiangalia mapigo ya moyo, alimgusa bega. "Tulia, mzee."

Atulie vipi? Fomu ya kukubali kupasuliwa ngiri alishaitia sahihi asubuhi, kabla hajasoma ule wasifu wa ukutani. Katika hospitali hii kila mpasuaji huandika maisha yake kwa mkono wake, yakatundikwa ukutani kando ya mlango. Huyu wa leo hakuona hata haya. Mtoto wa fundi viatu, alifeli kidato cha nne, akapiga deki wodini miaka mitatu, akarudia mtihani, ndipo akasomea udaktari. Akipumzika hufuga njiwa na kudarizi vitambaa vya meza.

"Vitambaa vya meza," mstaafu alisema kwa kebehi. "Mwanamume mzima. Na hesabu alipata sifuri, kaandika mwenyewe."

Pazia la kijani lilikingwa kifuani pake ili asione chini. Nyuma ya pazia hilo alikuwapo mfupi mmoja mwenye mabuti ya mpira kama muosha magari, aliyeingia na bakuli la dawa ya kusafishia. Mpangusaji, mstaafu aliamua, tena si msemaji.

"Hapa unahisi kitu, mzee?" mfupi aliuliza.

"Sihisi. Wewe pangusa tu, mwanangu, kila mtu na riziki yake. Ila nikuulize, wewe ungekubali kupasuliwa na mfuga njiwa?"

"Mimi sina la kusema, mzee."

"Huna kwa sababu unamwogopa. Mimi nimefundisha miaka thelathini na nane, waliofeli nawajua. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyo atanishona kama kandambili."

Muuguzi alikohoa. Robo tatu ya saa ilikuwa imepita wakimngoja bwana njiwa. Mstaafu alijaa dharau, na chini ya dharau alikuwa na woga ambao asingeukiri hata kwa mkewe.

"Basi, nimeghairi," alisema. "Mwambieni asijisumbue kuja. Narudi nyumbani na ngiri yangu."

"Nyumbani utarudi kesho, mzee," mfupi alisema nyuma ya pazia, akivua glavu zenye damu. "Lakini ngiri huna tena."