Taja Jina Langu

"Litaje!" Milembe alipiga kaunta kwa kiganja, makopo ya dawa ya pamba yakarukaruka. "Jina langu unalijua. Litaje mbele ya watu hawa, nikusamehe."

 Wakulima waliokuwa kwenye foleni ya mbegu katika duka la pembejeo wakaacha kusukumana. Bosi Jilala, mtu wa miraba minne ambaye sauti yake husikika hadi stendi ya Bariadi, alitazama sakafu.  

"Twaibu," akasema, "mwambie... mwambie huyo wa hapo apunguze hasira."

Huyo wa hapo! Yaani mtu amesimama mbele yako, mnavuta hewa moja, halafu unamtumia mjumbe!

Na mambo hayo hayakuanza leo. Aliyemwajiri Milembe ni Nancy, mke wa bosi, mwaka jana, bosi akiwa Mwanza kufuata mzigo. Nancy aliposikia jina lake tu alicheka kwa furaha, akampa kazi palepale, na tangu siku hiyo humwita "mama". Bosi aliporudi, alimnyooshea mkono mfanyakazi mpya. Twaibu, muuzaji mwenzake, akamtambulisha: "Huyu anaitwa Milembe." Bosi akaurudisha mkono kama aliyegusa jiko la moto. Hajampa mkono mpaka leo.

Vituko vikafuatana. Wakikutana kwenye njia ya stoo, bosi hukanyaga tope ili ampishe mbali. Mchana wanaume hula sinia moja, ugali kwa sato, wakitaniana. Milembe akisogea tu, bosi hunawa na kuondoka, tonge bado liko mdomoni. Jina lake hajawahi kulitamka. Ni "huyo", ni "wa dirishani", ni "mwambieni yule". Krismasi wenzake walipewa mchele na mafuta. Yeye akawekewa blanketi mlangoni kwake, na aliyeliweka akaondoka bila hata hodi. Blanketi jekundu, zito, la vikongwe, kwenye joto la Bariadi! Twaibu alicheka hadi akakaa chini. Milembe alilia kwa hasira.

Yeye alikulia Dodoma, baba yake akiwa askari huko. Jina alirithi kwa bibi yake mzaa baba, na Kisukuma chake ni cha kuombea maji tu. Lakini dharau haihitaji mkalimani.

Wiki nzima alikuwa akijiuliza: aache au asiache? Binti yake, Precious, yuko darasa la pili. Kodi ya chumba haina huruma. Kazi nyingine ameitafuta madukani, ameifuata hadi kwenye ofisi mpya za mji jirani wa Lagangabilili, kote anaambiwa rudi baadaye.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, dada," Twaibu, mtu wa Tanga, alimwonya.

"Mbachao wenyewe umejaa kunguni," Milembe akamjibu. "Na huo msala hata haujapita. Potelea mbali, nitalala chini!"

Hata hivyo asubuhi ya leo aliamka hajaamua. Akafungua duka, akapanga mbegu, akahudumia watu. Kisha mzee mmoja kwenye foleni akamwuliza bosi, "Huyu binti ana mkono mwepesi kweli. Anaitwa nani?"

"Muulize mwenyewe," bosi akasema, na kugeukia pembeni.

Hapo ndipo kaunta ilipopigwa.

Sasa Milembe alingoja, na duka zima likangoja naye. Bosi akaangalia mlango wa nyuma.

"Hata mbwa wa mlinzi unamwita kwa jina!" Milembe alifoka. "Kwenu hawakukufunza adabu? Haya, shika duka lako!"

Funguo zikamgonga bosi kifuani. Mtu yule ambaye huwafokea madereva wa malori hakufoka. Aliinamisha kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma huku amejibanza ukutani.

"Dada," Twaibu akanong'ona, "Precious atakula nini?"

"Atakula heshima ya mama yake."  Heshima haisongwi ikawa ugali, na yeye alijua. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nje, pikapu ya bosi ilikuwa imesimama, na Nancy alikuwa akimshusha bibi mmoja aliyetoka naye kijijini Nassa. Bibi amejitanda blanketi jekundu, zito, kama lile la Krismasi. Mara bosi akatokeza kutoka nyuma ya duka. Alipomwona bibi, akaruka mtaro, akatumbukia kwenye tope hadi vifundoni, akapita mbali, uso ameugeuzia ukutani. Bibi naye akajifunika uso kwa blanketi, akampa mgongo.

Damu ikamchemka Milembe. Loo! Kumbe hata vikongwe hawaachi! Akamwendea bibi, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Usiumie moyo. Huyo ndivyo alivyo, anatudharau wote."

"Anatudharau?" Bibi akafunua uso, akacheka mapengo nje. "Yule ni mkwe wangu, mwanangu. Tangu amwoe Nancy hajanitazama usoni, hajala na mimi, hajalitamka jina langu. Ana heshima ya ukweni yule, sijaona mfano wake."

Nancy akamshika Milembe bega, uso umemjaa furaha, akamgeukia bibi. "Mama, si ulisema umekuja kumwona wajina wako? Ndiye huyu, Milembe mwenzako."