Kumbukumbu ya Verna

Gari lilikuwa linanguruma tayari, eti naenda mjini Amarillo kuinunulia kompyuta ya Verna, mwenzangu wa nyumbani, kumbukumbu (RAM) kubwa zaidi. Akaja mbio, akanitumbukizia mfukoni ile ya zamani, kijibamba chembamba kama rula.

“Usibahatishe, mzee. Hili pengo la chini lifanane.”

“Umeing’oa? Si mashine haitawaka?”

“Haiwaki mpaka urudi. Unadhani sijaona umefungasha viatu vyako vyote?”

Dukani nikavishika vijibamba viwili pamoja, cha zamani na kipya. Mapengo yalilingana. Nje, barabara ya magharibi iliwaka jua, na tangi la gari lilikuwa limejaa mafuta.

Kompyuta sasa ina kasi. Verna anashinda humo mtandaoni akibishana na dada zake. Gari nililiuza. Viatu vimo kabatini kwake, vyote ila nilivyovaa.